Umeongeza farasi ngapi kweli? Jinsi ya kupima gari kwenye daino kabla na baada ya kuifanyia kazi

Hili swali naulizwa na vijana wa Subaru hapa Nairobi karibu kila wiki, "kaka nimeweka ekzosti mpya na intaki, sasa hivi niko na farasi ngapi?" Intaki ni bomba la kuingizia hewa kwenye injini, ekzosti ni la kutolea moshi. Na mimi namrudishia swali, kabla hujafungua ile ekzosti ya zamani ulipima? Hapo kimya. Sasa mdogo wangu, hata ukienda kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari kwa farasi, yaani hosipawa) nzuri kuliko zote utatoka na namba moja, na namba moja utaitoa kutoka namba ipi? Faida inataka namba mbili, na ziwe zimepimwa kwa hali moja. Kwa hiyo naandika hapa kila kitu ninachofanya mimi nikipeleka gari kupima, ni kirefu lakini kinaokoa pesa.

Tuelewane kwanza daino inapima nini. Gari inapanda juu ya rola, inafungwa mikanda isiruke, halafu unakanyaga mafuta mpaka chini kwenye gia moja, kutoka mizunguko ya chini mpaka karibu na mstari mwekundu. Huo mkanyago mmoja tuuite puli. Zile daino za rola zito, kama Dynojet za kawaida, mashine inajua rola lake ni zito kiasi gani, inaangalia gari imelisukuma likaongeza kasi haraka namna gani, na kutoka hapo inahesabu nguvu. Nyingine kama Mustang au Dyno Dynamics zina breki ya sumaku inayoshika rola, unaweza hata kuishikilia gari kwenye mizunguko 4000 isipande wala isishuke, ndio maana mafundi wa kutyuni, yaani wanaorekebisha kompyuta ya injini, wanazipenda. Halafu kuna Dynapack, hiyo unatoa magurudumu kabisa mashine inafungwa kwenye habu, pale gurudumu linapokaa. Zote zinafaa kwa kazi yetu, ila kila moja ina namba yake, gari ileile siku ileile ukiihamisha kutoka mashine hii kwenda ile namba inabadilika na wala hakuna aliyekuibia. Kwa hiyo kabla na baada viwe kwenye mashine MOJA. Usipime kabla kwa huyu halafu baada kwa yule kwa sababu ni bei nafuu.

Na hosipawa, hizo farasi zenyewe, ni nini, watu wengi wanaitaja tu. Torki ni nguvu ya kuzungusha, hosipawa ni hiyo torki ukiichanganya na kasi ya kuzunguka. Chukua torki kwa Nm (nyutoni-mita), zidisha na RPM (mizunguko kwa dakika), gawa kwa 9549, unapata kilowati, halafu gawa tena kwa 0.7457 unapata hosipawa. Mfano 200 Nm kwenye 6000 RPM ni kama kilowati 126, yaani hosipawa 168 na ushee. Hii hesabu ikae kichwani kwa sababu inakusaidia kukagua karatasi. Ukipewa karatasi yenye torki kwa paundi-futi na nguvu kwa hp, na mistari yote miwili inatumia kipimo kimoja pembeni, basi lazima ikatane kwenye 5252 RPM, kila gari, kila siku, haijalishi injini gani. Isipokatana hapo kuna kitu hakijawekwa sawa, muulize mwenye mashine kabla hujalipa. Ikiwa torki iko kwa Nm usiitafute hiyo 5252, haiko.

Sasa nikupe kisa changu maana ndicho kilichonifundisha. Miaka ile nafanya kazi Dubai nilikuwa na Lexus IS 300, ile ya injini ya 2JZ-GE isiyo na tabo, yaani isiyo na ile feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Nikapima kabla, nikapewa 172. Nikaweka ekzosti ya bei, nikarudi palepale baada ya wiki kadhaa, nikapewa 181. Farasi 9! Nilifurahi sana nikaiweka ile karatasi ndani ya gari. Ikapita kama mwaka ndio nikakaa na zile karatasi mbili nikazisoma vizuri mpaka maandishi madogo ya chini. Ya kwanza imeandikwa hp, SAE. Ya pili imeandikwa PS, STD. Basi. PS moja ni ndogo kidogo kuliko hp moja, hp 1 ni sawa na PS 1.014, kwa hiyo ukibadilisha jina tu 172 inakuwa 174. Halafu SAE na STD ni njia mbili za kurekebisha hali ya hewa, SAE J1349 inahesabu kama vile uko kwenye nyuzi 25 na presha ya milibari 990 ya hewa kavu, STD ya zamani inahesabu kama uko kwenye nyuzi 15.5 na milibari 1013, yaani hewa baridi na nzito zaidi, kwa mji wa pwani kama Dubai hiyo peke yake inaongeza karibu asilimia 4. 174 ukiongeza asilimia 4 unafika 181. Ile ekzosti haikunipa hata farasi mmoja, zote 9 zilitoka kwenye kubonyeza kitufe cha kompyuta, sijui kama ni makusudi au ni uzembe lakini pesa ilikwenda. Kutoka siku hiyo swali langu la kwanza nikiingia karakana yoyote ni hili, mnatumia hp au PS, na marekebisho gani? Na nikirudi mara ya pili naomba yaleyale.

Hapo kwa marekebisho ndipo sisi wa bara tuna shida yetu wenyewe, na naomba uisome taratibu.

Mtu aliyezaliwa Mombasa kama mimi akiendesha gari isiyo na tabo kupanda Nairobi anaisikia inavyochoka, ukifika Athi River unakanyaga na haiji kama ilivyokuwa Mariakani. Si mawazo yako. Pwani presha ya hewa ni kama milibari 1010, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu na presha ni kama 830. Injini inavuta hewa ileile kwa ujazo lakini ndani yake oksijeni ni kidogo, basi na mafuta yanayoungua ni kidogo. Ili mtu wa Nairobi aweze kujilinganisha na mtu wa Mombasa, programu ya daino inazidisha namba yako. Kwa fomula ya SAE, siku ya kawaida Nairobi yenye nyuzi 25, kizidisho kinafika kama 1.24. Mombasa siku ya joto ni kama 1.02 tu. Yaani gari imetoa 100 kweli kwenye rola, karatasi inaandika 124. Na SAE wenyewe hawakuitengeneza hiyo fomula kwa marekebisho makubwa hivyo, mpaka wao ni kama asilimia 7 kupanda au kushuka, sisi tuko mara tatu ya hapo na zaidi.

Kwa gari isiyo na tabo bado inakaribia ukweli. Kwa gari ya tabo inaharibu kabisa. Sikiza kwa nini. Chukua Subaru Impreza WRX yenye injini ya tabo ya EJ205, tuseme busti yake (presha ya ziada ambayo tabo inasukuma) ni 0.8 bar kwa kipimo cha ndani ya gari. Ikiwa Mombasa hewa inayoingia kwenye silinda ni hiyo 0.8 ukijumlisha na 1.01 ya nje, jumla 1.81. Ikipanda Nairobi na busti ikabaki 0.8 jumla ni 1.63. Imepungua asilimia 10 hivi, wakati gari isiyo na tabo imepoteza asilimia 18. Tabo imeshalipa sehemu ya deni la mwinuko lakini programu haijui, inazidisha kwa 1.24 kama kawaida. Gari imetoa 180 kweli, karatasi inasema 223. Ndio unaona watu wa hapa wana karatasi za Subaru zinazoshinda gari za visiwani Japani zilizopimwa usawa wa bahari na injini ileile.

Na hata faida inavimba, hili watu hawalifikirii. Umeongeza farasi 20 za kweli, kabla na baada zote zimezidishwa kwa 1.24, karatasi inakuonyesha umeongeza 25. Kwa hiyo kwa gari ya tabo huku bara mimi naomba karatasi isiyorekebishwa, kabla na baada vyote bila marekebisho, vipimwe siku moja ili hewa isitofautiane sana. Fundi anaweza kukushangaa lakini kwenye programu ni suala la kuchagua tu. Namba itakuwa ndogo, ndiyo, lakini ni yako.

Sasa matayarisho, kwa sababu nusu ya kazi iko kabla ya kufika kwenye rola. Gari mbovu usiipeleke. Angalia plagi na koili, angalia mpira wa vakyumu uliopasuka, safisha sensa ya hewa, bandika skana uone kama kuna kodi ya hitilafu, pima oili. Kama unajua klachi inateleza badilisha kwanza, klachi ikiteleza injini inapanda na rola halifuati, mchoro unakuwa wa ajabu na hutajua ulichopima. Na muhimu zaidi, matengenezo yote haya yafanyike KABLA ya kipimo cha kwanza. Nimeona mtu anapima gari yenye plagi zimekwisha, halafu anaweka intaki na plagi mpya kwa pamoja, anapata farasi 8 anasifu intaki. Plagi ndizo zilizokuwa zinamdai.

Mafuta jaza kituo kimoja, aina moja, kabla na baada. Injini ya tabo yenye sensa ya noki (inayosikia injini ikigonga) ikihisi mafuta ni dhaifu inarudisha nyuma moto wa plagi na nguvu inashuka hata kama hujagusa kitu.

Matairi. Hapa sitaki mzaha na mtu. WRX kwenye gia ya nne ikifika mizunguko 7000 tairi linazunguka kwa kasi ya kilomita 200 na kitu kwa saa, gari imesimama lakini tairi halijui kama imesimama. Angalia herufi ubavuni, S ni mwisho 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Tairi la mtumba lenye nyufa au lililozibwa ubavuni lisipande rola kabisa, likipasuka pale linavunja bodi na linaweza kuua mtu aliyesimama nyuma. Toa kokoto zote kwenye meno ya tairi kwa bisibisi, zinarushwa kama risasi. Presha iwe ileile kabla na baada, mimi naijaza palepale karakanani kwa geji yangu mwenyewe, maana tairi laini linakula nguvu.

Kwa gari ya kuendesha magurudumu manne tafuta daino ya magurudumu manne. Usikubali mtu akwambie "tutapima ya nyuma tu hakuna noma." Subaru ya gia za mkono ina difu (gia za kugawa nguvu kwa magurudumu) ya katikati yenye klachi ya mafuta mazito, ukizungusha nyuma peke yake huku mbele imesimama unaichemsha na kuiua ndani ya dakika chache.

Gia gani? Ile iliyo karibu na moja kwa moja, ambapo shafti inayoingia gia boksi na inayotoka zinazunguka karibu sawa. Kwa gia tano za mkono mara nyingi ni ya nne, kwa oto za zamani za gia nne ni ya tatu. Lakini gari zetu nyingi zimetoka Japani na kule zinakatwa kwenye 180 km/h, sasa ukiwa gia ya nne gari inakata kabla hujafika mstari mwekundu, mchoro unaanguka kama umekata kwa kisu na watu wanadhani ni tatizo la mafuta. Ama uitoe hiyo kinga kwenye kompyuta ya gari kwanza, ama upime gia ya tatu. Yoyote utakayochagua ndiyo hiyohiyo utakayorudia nayo baada, usibadilishe. Gari ya oto hakikisha haishuki gia ukikanyaga, puli ianze pole kabla ya kufungua mafuta yote, na torki konveta, ile inayounganisha injini na gia boksi ya oto, iwe imejifunga kama inawezekana. CVT, yaani oto zisizo na gia maalum, mimi sizipendi kwenye daino, uwiano wake unacheza wenyewe, kama ni lazima weka hali ya mkono na uangalie nguvu tu, torki yake usiiamini.

Siku yenyewe nenda asubuhi na uiweke siku nzima. Gari ipate joto kamili barabarani, si maji tu bali na oili na gia boksi na difu, difu baridi inakula farasi bila wewe kujua. Ikifungwa kwenye rola mkumbuke mkanda ulivyokazwa, kukaza zaidi kunalibana tairi kwenye rola na namba inashuka, mimi hupiga picha ya mikanda na simu ili baada ya kazi tuifunge vilevile. Zima tracksheni kontro, ule mfumo wa kuzuia tairi kuteleza. Boneti wazi au imefungwa, chagua moja. Feni iwe kubwa na iwe mahali palepale, na kwa Subaru zenye intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) juu ya injini hili ndilo linalonikera zaidi nikiona watu wanalipuuza. Feni imewekwa mbele ya radieta, nzuri, lakini intakula inapata hewa kutoka kwenye lile tundu la boneti na hapo hakuna upepo wowote. Puli ya kwanza nzuri, ya pili imeshuka, ya tatu imeshuka zaidi, kwa sababu intakula imekaa juu ya injini ya moto inajaa joto kama sufuria. Omba feni ya pili ipulize kwenye tundu, au boneti iwe wazi na feni ipulize juu ya intakula moja kwa moja.

Puli ya kwanza kabisa mimi siihesabu, hiyo ni ya kuona kama gari iko salama. Halafu piga tatu. Kila moja ianze kwenye mizunguko ileile, joto la maji lilelile, na kama una skana angalia joto la hewa inayoingia, usianze mpaka lirudi pale lilipoanzia puli iliyopita. Dakika tatu nne za kupumzika katikati feni ikiwaka. Kama daino ni ya breki mwombe fundi asiguse kasi ya kupandisha, kwa gari ya tabo akiiweka pole tabo inapata muda wa kujaza na torki ya chini inaonekana kubwa, akiiweka haraka inaonekana ndogo, gari ni ileile.

Ukishapata tatu, angalia zinavyotofautiana. Hapa ndipo ukweli ulipo. Tuseme umepata 148, 150, 149. Wastani 149 na mpishano ni 2. Hiyo ni daino nzuri na fundi makini. Sasa baada ya kuweka chujio la hewa unapata 150, 151, 149. Umeongeza farasi 1? Hujaongeza kitu, iko ndani ya mpishano wa mashine yenyewe. Ili useme umepata faida inatakiwa puli yako MBAYA ya baada iwe juu ya puli yako NZURI ya kabla. Mimi hicho ndicho kipimo changu na sikilegezi. Na kama kabla ulipata 141, 150, 146, usiendelee na kazi, simama utafute kwa nini, kuna joto au tairi linateleza au gari inaumwa, ukiendelea utakuwa unapima upepo.

Usichukue ile puli nzuri kuliko zote ya baada ukailinganisha na puli moja ya kabla. Wanaouza vifaa wanafanya hivyo sana.

Halafu kitu kimoja kwa wakati. Najua inachosha na kila saa ya daino ina bei yake, lakini ukifunga ekzosti, intaki na tyuni kwa pamoja utajua jumla tu, hutajua kipi kimeleta na kipi kimerudisha nyuma, na kuna vifaa vinarudisha nyuma kweli, intaki ya bei rahisi inayovuta hewa ya moto ya karibu na manifoldi nimeiona ikishusha. Kama kifaa kinafungika haraka, kama chujio au bomba la intaki, fanya hivi: pima bila, funga pima, kisha FUNGUA urudishe cha zamani upime tena. Kipimo cha tatu kikirudi pale cha kwanza kilipokuwa, basi tofauti ya katikati ni ya kifaa. Kisiporudi, kilichobadilika ni siku. Hii ya kurudisha watu hawaifanyi kabisa na ndiyo inayomaliza ubishi.

Matarajio yako nayo yawe ya mtu mzima. Gari isiyo na tabo ukiweka chujio na ekzosti ya nyuma tu, farasi chache au sifuri, sauti ndiyo unayonunua, na sauti si kitu kibaya lakini ijue ni sauti. Gari ya tabo ukiitoa kizuizi kuanzia kwenye tabo kwenda nyuma na ukaityuni vizuri, hapo asilimia 10 mpaka 20 na zaidi si jambo la ajabu. Na usianze kuhesabu kutoka namba ya brosha, ile ni ya kwenye krenki, yaani kwenye injini yenyewe kabla ya gia boksi, na nyingine ni za adabu tu, kutoka 1989 mpaka 2004 makampuni ya Japani yalikubaliana yasitangaze gari inayozidi PS 280, na gari kadhaa zilizoandikwa 280 zilikuwa na zaidi.

Rimu nyepesi na flaiwili nyepesi (ile sahani nzito inayozunguka na krenki) zina mtego wake. Kwenye daino ya rola zito gari inapimwa ikiongeza kasi, kwa hiyo uzito wowote unaozunguka unakula sehemu ya nguvu, ukiweka rimu nyepesi karatasi inaonyesha farasi wameongezeka wakati injini haijaguswa. Barabarani utaisikia tofauti, sawa, ila usiiandike kama ni nguvu ya injini, na usibadilishe rimu katikati ya kipimo cha kitu kingine.

Tukija kusoma mchoro, macho ya wengi yanakwenda kileleni tu. Angalia mstari wote. Weka kabla na baada kwenye mchoro mmoja, halafu soma tofauti kila mizunguko 500, kuanzia 2500. Nimeona tyuni iliyoongeza farasi 12 kwenye 6800 na ikapoteza 15 kati ya 3000 na 4500, sasa wewe Thika Road unakaa mizunguko mingapi? Gari hiyo imekuwa nzito kuendesha na mwenyewe anashangaa. Angalia pia namba za pembeni, mchoro unaoanzia 140 badala ya sifuri unafanya farasi 4 waonekane kama mlima. Na kuna kulainisha mstari, programu inaweza kufuta mikunjo midogo, ikilainishwa sana inaficha injini inayokatakata, isipolainishwa kabisa kilele kinaweza kuwa ni mruko mmoja wa bahati. Iwe kiwango kimoja kwenye karatasi zote mbili.

Mstari wa hewa na mafuta usiuache, omba uchapwe pamoja. Petroli isiyo na tabo ukikanyaga mpaka chini inapendeza iwe kati ya 12.5 na 13, yaani uzito wa hewa kwa kila uzito mmoja wa mafuta, ya tabo 11 hadi 12. Wakati mwingine kifaa kipya kinaongeza farasi kwa sababu tu kimekausha mchanganyiko, karatasi nzuri lakini pistoni inayeyuka polepole. Ukiona tabo inapanda kwenda 13 kwenye mizunguko ya juu, au unasikia injini inagonga kama kokoto ndani ya mkebe, achia mafuta hapohapo, puli ikatwe, wala usimwache mtu akwambie tumalizie tu hii moja. Ubishi wa siku hiyo hauna bei ya injini.

Kuhusu usalama wa karakana, milango wazi na moshi utolewe nje kwa bomba, mtungi wa kuzimia moto karibu, masikio yazibwe, na hakuna mtu kusimama mbele wala nyuma ya gari wakati wa puli, hata anayerekodi video.

Watu wataanza kukuuliza "kwenye krenki ni ngapi?" kwa sababu wanataka kulinganisha na brosha. Kuna ile kanuni ya kuongeza asilimia 15 au 20 kwa nguvu iliyopotea kwenye gia boksi na difu. Mimi siitumii. Nguvu inayopotea njiani haiongezeki kwa asilimia ileile kila unapoongeza injini, na tena inategemea oili, joto, tairi. Kuna daino kama za MAHA zinaiacha gari ishuke kasi klachi ikiwa imekanyagwa baada ya puli na kupima hicho kilichopotea, hiyo ina maana zaidi, lakini kwa kujua faida hauihitaji, magurudumu kabla na magurudumu baada inatosha.

Kabla hujaondoka chukua karatasi ya kila puli, siyo ile nzuri peke yake, na omba faili zenyewe kwenye flashi au zitumwe kwa simu, karatasi haiwezi kubadilishwa kutoka PS kwenda hp wala kuondolewa marekebisho lakini faili unaweza hata baada ya miaka. Kisha ukimwandikia mtu matokeo, iwe fundi mwingine au anayetaka kununua gari, andika yote kwa mstari mmoja, mfano hivi (GDA ni kodi ya bodi ya WRX, dauni paipu ni bomba la moshi linalotoka kwenye tabo):

WRX GDA ya mkono, dauni paipu na tyuni, Nairobi, daino ya rola magurudumu manne, gia ya 4 kinga ya 180 imetolewa, siku moja, nyuzi 22 kabla na 25 baada, busti 0.8 zote, hp za magurudumu bila marekebisho, kabla 168 170 169, baada 186 188 187.